Barua Ndani ya Kochi

Zimeni hiyo redio, fungeni mlango wa mbele, mje mkae chini nyote, na wewe mama yao acha hivyo vyombo, vitakusubiri zaidi ya nitakavyokusubiri mimi. Si kwenye kochi. Kochi hilo hakuna wa kulikalia mpaka nimalize kusema, na kama mnaona aibu kwamba limekaa wiki tano katikati ya sebule limepasuliwa mgongo, sponji nje, springi nje, na kila mgeni anayekuja kuniona analitazama kisha anatazama dari, basi oneni aibu, ndiyo maana niliwakataza kulifunga. Leteni viti vya plastiki. Mkubwa, kaa hapo dirishani nikuone uso. Wewe binti yangu kaa hapa ubavuni kwangu, usiende kujificha nyuma ya mama yako, maana mengi ya leo ni yako.

Nimewaita niwape wosia, na ni wosia wa mtu mwenye hasira. Nawaambia mapema ili msije mkawasimulia watu kwamba mzee aliondoka ametulia, uso unang'aa, kamsamehe kila mtu. Sijatulia. Nimekula chumvi nyingi, nimekuwa fundi wa makochi miaka arobaini na moja, nimedanganywa na wateja, nimedanganywa na wauza mbao, nimeuziwa sponji lililojaa vumbi nikaambiwa ni jipya, lakini sikuwahi kudanganywa na watu wa nyumbani kwangu mpaka mwaka huu. Mtanisikiliza bila kunikatiza, na asiwepo wa kuniambia nisijichoshe, kwa sababu nikilisikia hilo neno nitaanza upya kutoka mwanzo.

Nianze na Jumanne zangu. Miaka miwili iliyopita, nilipokwisha kukatwa ule uvimbe wa utumboni, daktari akasema nitakwenda kila Jumanne kutiwa dawa ya mshipani, na siku ya kwanza mlinisindikiza nyote mkalia pale kwenye korido mpaka mimi mgonjwa nikawa nawabembeleza ninyi. Chumba kile kina viti vinane vya kuegemea, kila mgonjwa na chake, dripu inaning'inia juu yake, na unakaa hapo saa nne, saa tano, unahesabu matone. Ninyi mliona wagonjwa wanane. Mimi niliona viti vinane, na vyote vilikuwa vinatia huruma: ngozi bandia imepasuka, sponji limelala limekuwa bapa, cha tatu hakina mkono, na cha sita springi imechomoza upande wa kushoto, inamchoma mtu ubavuni, na mtu mwenyewe hana nyama ya kuchomwa. Jumanne mbili nilivumilia. Ya tatu nikaenda na nyundo.

Nesi mkuu wa pale, yule mama mwenye sauti ya kuamrisha gwaride, akaniuliza nyundo ya nini, hapa watu wanaletwa kutibiwa. Nikamwambia basi na viti vitibiwe, maana vina hali mbaya kuliko sisi. Akakubali shingo upande. Tangu siku hiyo nikawa nafika asubuhi mapema, nang'oa misumari ya zamani kabla dawa haijaanza, na nikishawekewa dripu mkono wa kushoto nashona kwa mkono wa kulia. Mtu huwezi kushona kitambaa cha kiti kwa mkono mmoja, wewe binti unajua, lazima mwingine akivute. Aliyenivutia ni jirani yangu wa kiti cha sita, mwalimu mstaafu wa hesabu, mkorofi, mwembamba, ambaye naye dripu yake ilikuwa mkono wa kushoto. Kwa hiyo kati yetu wawili tulikuwa na mikono miwili ya kufanyia kazi, mmoja wangu na mmoja wake, na kwa hiyo miwili tulimaliza viti vitano.

Nilimwambia Mwalimu tuanze na chako, hicho kina springi. Akakataa katakata. Akasema yeye amefundisha hesabu miaka thelathini, baada ya tano ndiyo inakuja sita, na asitokee mtu wa kumpandisha darasa kwa huruma. Tukacheka mpaka nesi akatufokea. Siku moja tuko kwenye kile cha nne, akaniambia, "Fundi, unajua leo tangu asubuhi sijaufikiria ugonjwa wangu hata mara moja?" Nikamwambia na mimi pia. Halafu tukainamia kitambaa haraka, kwa sababu tulikuwa tumeufikiria papo hapo.

Mnaniuliza kupona ni nini, au hamniulizi lakini nitawajibu. Mimi nilipona pale. Jumatano na Alhamisi natapika, nywele zimekwisha, ugonjwa upo palepale, lakini Jumatatu nachambua misumari na kukata kitambaa, nalala nikijua kesho kuna kiti na kuna mtu wa kukishika. Nilijua ninachoumwa, nilijua ninachofanya, na mwenzangu alijua. Sijawahi kuwa mzima kuliko vile, hata nilipokuwa kijana nabeba kochi la watu watatu mgongoni peke yangu.

Kisha mkaniponya ninyi.

Mkubwa, wewe ndiye uliyetoka chumbani kwa daktari, dada yako nyuma yako, ukanikuta nimeketi na mpira wa dripu bado mkononi, ukanishika mabega ukasema, baba, majibu yamekuja safi, umepona, dawa imekwisha, haturudi tena hapa. Ulilia. Nikadhani ni machozi ya furaha. Mkanivalisha shati jipya, mkaalika mtaa mzima, mkanisimamisha mbele ya watu nitoe shukrani, na mimi kwa ujinga wangu nikasimama nikasema nimepona, nimeushinda ugonjwa, nikapigiwa makofi, mama yenu akapiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka. Mlinivika kilemba cha ukoka mbele ya majirani zangu wote. Mlijua. Wote watatu mlijua, mkawa mnanitazama nacheza.

Jumanne ya mwisho nilikuwa nimempa Mwalimu kipande cha kitambaa cha kijani, kizito, kizuri, nikamwambia kikunje ukiweke, wiki ijayo ni zamu yako. Wiki ijayo ikafika sikwenda. Nilitaka kwenda, mama yenu akasema nisirudi mahali pale nisije nikaukaribisha ugonjwa, nawe Mkubwa ukasema waache wagonjwa na ugonjwa wao. Na mimi mwenyewe niliona haya, nisiwatupie ninyi kila kitu. Nitaingiaje mle na mashavu yangu na habari zangu za kupona, niwatazame wenzangu usoni? Nikasema nitakwenda wiki inayofuata. Nikasema hivyo miezi mitatu.

Na miezi yote hiyo mitatu huku chini ya mbavu, upande wa kulia, kulikuwa kunawaka moto. Binti yangu, wewe unafanya kazi duka la dawa. Unavaa koti jeupe, unawaeleza watu dawa hii ni ya nini na ile ni ya nini. Nilikwambia ninaumwa, ukaniletea vidonge vya kichwa, ukanipa na maji, ukaniambia baba, ni zile dawa kali zinatoka mwilini, ndivyo zinavyoaga. Ulinitazama machoni ukasema hivyo. Nilikuwa nauma mto ili mama yako asinisikie, kwa sababu mtu aliyepona hana ruhusa ya kulalamika, na wewe ukawa unahesabu vidonge vya kichwa.

Usilie sasa. Kulia kuna zamu yake, sasa ni zamu yangu ya kusema.

Kwa kuwa nilikuwa nimepona, nikataka kufanya kazi. Mkubwa hukunitaka karakana, ulisema nipumzike, ukachukua ufunguo ukauning'iniza shingoni mwako. Basi nikasema nitamtengenezea mama yenu kochi la nyumbani, hili hapa, ambalo niliahidi kulishughulikia tangu Mkubwa yuko shule. Ilikuwa Alhamisi, mmetoka wote. Nikaligeuza mgongo. Na kabla sijaona barua niliona mshono.

Hapo ndipo sielewi ninyi ni watu wa namna gani. Kuna kabati. Kuna godoro. Kuna dari, kuna jirani, kuna jiko linalowaka moto kila siku. Barua ya daktari ya kunificha mimi, mkaenda kuificha ndani ya kochi, nyumbani kwa fundi wa makochi. Nimefungua makochi maelfu, nimetoa humo meno ya bandia, nimetoa pete za ndoa, nimetoa barua za wanaume ambao si waume wa wenye kochi, na hakuna katika mtaa huu asiyejua kwamba kitu kikiingia ndani ya kochi mimi ndiye nitakayekitoa. Ningecheka kama si maumivu.

Lakini mshono. Uzi ulikuwa mpya, nao umepakwa nta ufanane na wa zamani. Umeshonwa kwa sindano iliyopinda, mshono wa kuficha, hatua ndogo zinazolingana, kila moja imezama chini ya ukingo. Nilipitisha kidole gumba mara mbili nisiuhisi. Nikakaa pale sakafuni nikajiuliza ni fundi gani ameingia nyumbani kwangu, maana mimi mwenyewe siku hizi mkono unatetemeka, na Mkubwa, mwanangu, nisamehe lakini wewe ukipiga misumari kumi, saba inapinda. Ulikuwa ni mkono mmoja tu duniani. Ni wako, binti; nilikuwa nimeufundisha mimi, halafu nikaufukuza.

Nikafumua, nikasoma. Mnaijua ilivyosema, lakini isikieni kwa sauti yangu. Ilisema ugonjwa umefika kwenye ini na dawa haifanyi kazi tena. Ilisema mgonjwa aelezwe hali yake kwa utaratibu. Ilisema apelekwe kliniki ya kutuliza maumivu aanzishiwe dawa ya maji haraka iwezekanavyo. Na mwisho daktari aliandika kwa mkono wake, si kwa mashine, kwamba mgonjwa ahimizwe kuendelea na kazi yake ya viti kwa kadiri atakavyoweza, kwani inamsaidia. Mlisoma hiyo mistari. Mkaishona ndani.

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa sababu hapa hasira yangu inanirudia mwenyewe. Nilisoma Alhamisi. Nyumba ya Mwalimu naijua, si mbali, ningeweza kwenda Ijumaa kwa miguu. Sikwenda. Niliikunja barua nikaitia mfukoni, nikalisukuma kochi mgongo ukutani msiuone, nikawapokea jioni nikala nanyi nikacheka nanyi, kwa sababu nilitaka nipone siku chache zaidi. Nilikuwa nimeuzoea uongo wenu, ulikuwa na joto. Jumanne ndipo nikaenda. Kiti cha sita kilikuwa kitupu. Nesi akaniambia Mwalimu amefariki Jumamosi. Akaniambia kila Jumanne alikuwa anauliza mwenye nyundo yuko wapi, wakamwambia fundi amepona, naye akasema basi hatarudi, na ndivyo inavyotakiwa, mtu akipona asirudi. Hakuninung'unikia hata kidogo. Halafu nesi akanionyesha kile kitambaa cha kijani. Mwalimu alikuwa anakikunja mara nne, anakiweka ubavuni kuizuia ile springi, kila Jumanne, miezi mitatu.

Nilirudi nyumbani, nikalivuta kochi katikati mgongo ukiwa wazi, nikaiweka barua juu yake, mkaiona. Hakuna aliyeniuliza. Mlikuwa mnapita pembeni yake mkaenda kuniletea uji. Mama yenu peke yake ndiye aliyekuja kukaa karibu yangu akasema, "Baba watoto, tuliogopa." Nakujibu leo, mama watoto, mbele yao. Na mimi niliogopa. Tungeogopa pamoja. Miaka thelathini na sita tumelala kitanda kimoja, ukaona siwezi kuogopa na wewe? Hilo ndilo linaloniuma, kuliko ini.

Nipeni maji. Hayo yanatosha.

Tangu Jumanne ile nesi aliponipeleka kuanzishiwa dawa ya maji nimepata wiki tano nzuri. Naumwa, nakufa, najua, na nimelala usingizi. Nimewatazama mkiingia na kutoka. Mngenipa hiyo miezi mitatu, ningekuwa nimemaliza viti vyote vinane na ningekuwa nimemzika rafiki yangu.

Sasa mali. Nyumba ni ya mama yenu, na asije mtu kumhamishia chumba cha nyuma. Gari la kubebea makochi ni lako, Mkubwa, na kazi ya kutafuta wateja ni yako, kwa sababu unajua kuongea na watu, hilo sikunyimi, unaweza kumshawishi mtu kwamba amepona huku anakufa. Kaongee na wateja. Lakini karakana, na nyundo zangu zote, na mashine mbili za kushonea, na jina la mlangoni, ni vya dada yako. Vua huo ufunguo. Vua, mpe. Usinitazame hivyo, hata wewe unajua, tena nadhani umepumua.

Binti yangu, nina deni la maneno kwako. Mnajua mazoea yangu: kabla sijafunga kochi lolote, nachukua penseli, naandika kwenye ubao wa ndani kilichokuwa kimeharibika, nilichotengeneza, nisichoweza kukitengeneza, tarehe, na jina la aliyefanya kazi. Mwenye kochi haoni. Nawaandikia mafundi watakaolifungua baada yangu, wajue ukweli wa kiti. Nimejivunia hilo maisha yangu yote na nimelisema kila mahali. Ulipokuwa na miaka kumi na saba nilisafiri, ukakitengeneza peke yako kile kiti cha mama mwenye duka la vitabu, kazi safi, na niliporudi kabla hakijafungwa niliona umeandika jina lako ubaoni. Nikalifuta. Nikaandika langu. Nikakwambia mikono ya msichana si ya misumari, katafute kazi ya kukaa. Ukaenda. Kwa hiyo aliyekufundisha kushona uongo ndani ya kiti ni mimi, nilianza kabla yako, na mama yule bado anakikalia. Siombi unionee huruma. Kakifungue, ulifute jina langu, uandike ukweli.

Kabla hujapokea mteja hata mmoja, kuna viti vitatu. Cha sita, cha saba, cha nane. Uanze na cha sita, na ukifunike kwa kile kitambaa cha kijani, nesi amekitunza. Mkubwa atakushikia. Jumanne, si siku nyingine, watu wakiwa wamekaa, ili mwone jinsi mtu anavyokaa na ugonjwa wake. Wakiwauliza baba yenu alipona, waambieni alipona mara moja akaponywa mara ya pili, na ya pili ndiyo iliyomuumiza. Na siku ya kunizika, akisimama mtu kusema nilikuwa nimepona, Mkubwa wangu, mkalishe chini. Sema baba alikuwa mgonjwa, alijua, alikuwa anafanya kazi.

Nimechoka. Mimi ndiye ninayelisema neno hilo, si ninyi.

Binti, lete penseli, ile nene, ipo kwenye kikombe. Inama hapo kwenye ubao wa mgongo. Andika tarehe. Andika: springi mbili zimekufa, hazijabadilishwa. Andika: mguu wa nyuma umeungwa, usiuamini. Andika: humu ilifichwa barua. Hapana, iandike, usinitazame. Ilifichwa kwa sababu ya... andika kwa sababu ya mapenzi. Na uoga. Andika vyote viwili. Sasa jina la fundi. Lako. Nimesema lako.

Mama watoto, sogea. Nishike hapo. Mungu awape mikono mizima, na awape watu wa kuwashikia kitambaa... na mkiumwa, mtu asiwafiche. Hasira yangu msiibebe, imekwisha, karibu imekwisha. Funga kochi. Mkubwa, mvutie dada yako, usivute sana. Anza katikati, binti, halafu uende pembeni, msumari mmoja kulia, mmoja kushoto... nitasikiliza tu. Macho hayana kazi, nasikia kwa mlio.

Gonga.

Ndiyo. Mwingine.

Huo... huo umepinda. Nani kapiga huo, Mkubwa? Mpe dada yako nyundo. Ung'oe. Rudia.